Mabomba na vifungio vya mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji

Mabomba na vifungio vya mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji ni vifaa vinavyopitisha kiowevu cha kupoza kati ya sehemu za mfumo huo na kuzishikilia sehemu hizo mahali pake ndani ya kasha la kompyuta. Kundi hili lina mabomba yenyewe (laini au magumu), viungio vyake ambavyo mafundi huviita fitingi, mabamba na skrubu za kubana bloku ya maji juu ya prosesa, pamoja na skrubu za kufungia rejeta, feni, pampu na tangi.

Kazi ya kuondoa joto hufanywa na bloku, rejeta na feni. Mabomba na vifungio ndivyo vinavyoamua kama maji yatabaki ndani ya mfumo na kama bloku itagusana vizuri na prosesa. Bomba lisilolingana na kiungio chake huvuja, skrubu iliyozidi urefu inaweza kutoboa rejeta, na bamba la soketi nyingine haliwezi kufunga kabisa. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza katika kuchagua vifaa hivi ni ulinganifu wa vipimo. Unene wa bomba na bei ya kifaa huja baadaye.

## Historia

Kupoza kompyuta kwa maji kulianza katika mashine kubwa za ofisi na maabara kabla ya kompyuta za nyumbani kuwepo. Kompyuta ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilitumia moduli zilizopozwa kwa maji baridi. Mwaka 1985 ilifuata Cray-2, ambayo saketi zake zilizamishwa ndani ya kiowevu kisichopitisha umeme.

Kwenye kompyuta binafsi, njia hii ilienea miaka ya mwisho ya 1990 kupitia watu waliojitengenezea mifumo wenyewe. Walitumia pampu za matangi ya samaki, rejeta ndogo za hita za magari na mipira ya kawaida ya maji. Baadaye viwanda vilianza kutengeneza vifaa maalumu, na vipimo vikaanza kufanana. Mwaka 2004 kampuni ya Apple ilitoa Power Mac G5 yenye prosesa mbili za gigahezi 2.5 zilizopozwa kwa kiowevu. Baadhi ya kompyuta hizo zilivuja baada ya miaka kadhaa na kuharibu vifaa vya ndani.

Kompyuta kuu za leo pia hutumia maji. SuperMUC iliyozinduliwa mwaka 2012 huko Garching, Ujerumani, ilipozwa kwa maji ya uvuguvugu. Frontier ya Oak Ridge, Marekani, iliyoanza mwaka 2022, nayo hupozwa kwa maji.

## Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Mfumo wa kawaida una sehemu zifuatazo:

- Bloku ya maji: kipande cha shaba chenye mifereji myembamba ndani yake, kinachokaa juu ya prosesa au kadi ya picha na kupokea joto.
- Rejeta: hutoa joto la maji na kulipeleka hewani. Hufanana na rejeta ya gari, ila ni ndogo.
- Feni: husukuma hewa kupita kwenye rejeta.
- Pampu: huzungusha maji.
- Tangi: huhifadhi akiba ya maji na kuyapa mapovu ya hewa nafasi ya kutoka.
- Mabomba na viungio: huunganisha sehemu hizo zote kuwa mzunguko mmoja uliofungwa.

Maji hufaa kwa kazi hii kwa sababu hubeba joto jingi. Gramu 1 ya maji huhitaji takriban jouli 4.18 ili kupanda sentigredi 1, wakati gramu 1 ya hewa huhitaji takriban jouli 1. Zikilinganishwa kwa ujazo, lita 1 ya maji hubeba joto mara zaidi ya 3,000 kuliko lita 1 ya hewa.

Mfano: prosesa na kadi ya picha zinatoa jumla ya wati 400, na maji yanazunguka kwa kasi ya lita 200 kwa saa. Maji yanayotoka kwenye bloku yatakuwa na joto zaidi ya yale yanayoingia kwa takriban sentigredi 1.7 tu. Mzunguko ukishuka hadi lita 60 kwa saa, tofauti hupanda hadi karibu sentigredi 5.7. Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, mpangilio wa bloku na rejeta katika mzunguko hauleti tofauti kubwa, hivyo ni afadhali kupitisha mabomba kwa njia fupi isiyo na mikunjo mikali. Pili, mzunguko ukishakuwa wa kutosha, kuuongeza zaidi huleta faida ndogo. Kuna sharti moja la mpangilio lisilobadilika: tangi liwe kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isikose maji.

## Vipimo vya bomba

Bomba hutajwa kwa vipimo viwili: kipenyo cha ndani na kipenyo cha nje. Bomba la 10/16 lina milimita 10 ndani na milimita 16 nje. Unene wa ukuta wake hupatikana kwa kutoa kipenyo cha ndani kutoka kipenyo cha nje na kugawa kwa 2, yaani milimita 3.

Vipimo vya kawaida vya mabomba laini ni 10/13, 10/16, 13/16 na 13/19. Huandikwa pia kwa inchi: 10/13 ni ⅜ kwa ½, 10/16 ni ⅜ kwa ⅝, na 13/19 ni ½ kwa ¾. Mabomba magumu hutambuliwa zaidi kwa kipenyo cha nje, ambacho mara nyingi ni milimita 12, 14 au 16.

Watu wengi hudhani kwamba bomba pana hupoza zaidi. Jedwali lifuatalo linaonyesha shinikizo linalopotea katika kila mita 1 ya bomba laini ndani, maji ya sentigredi 35 yakipita kwa lita 200 kwa saa. Shinikizo limeonyeshwa kwa kimo cha maji ambacho pampu ingelazimika kuyainua.

| Kipenyo cha ndani | Upotevu kwa kila mita 1 (takriban) |
|---|---|
| mm 6 | sm 90 |
| mm 8 | sm 23 |
| mm 10 | sm 8 |
| mm 13 | sm 2 |

Pampu ya aina ya D5, ambayo ni ya kawaida katika mifumo hii, ina uwezo wa kuinua maji karibu mita 4 inapokuwa haina mtiririko. Kwa hiyo kutoka milimita 6 hadi 10 kuna faida kubwa, lakini kutoka 10 hadi 13 faida ni sentimita chache tu. Mifereji ya bloku huzuia maji zaidi kuliko bomba. Bomba la milimita 10 ndani hutosha kwa kompyuta nyingi, na uchaguzi baada ya hapo hutegemea nafasi iliyopo, mikunjo na sura.

## Mabomba laini

Mabomba laini hukatwa kwa kisu kikali au mkasi wa mabomba na hukunjwa kwa mkono. Humfaa anayejenga mfumo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kosa la sentimita 1 halimaanishi kuanza upya.

PVC laini ni ya bei nafuu na huweza kuwa angavu, hivyo mapovu na uchafu huonekana. Ulaini wake hutokana na kemikali ziitwazo vilainishi. Katika aina duni, vilainishi hivyo hutoka polepole na kuingia kwenye maji. Bomba hupata ukungu, na utelezi mweupe huziba mifereji ya bloku.

EPDM ni mpira mweusi wa sintetiki unaofanana na mipira ya rejeta za magari. Haina vilainishi vya kutoka, huvumilia joto na huchelewa kuzeeka. Upungufu wake ni kwamba maji hayaonekani ndani yake.

Silikoni ni laini sana na huvumilia joto kali, lakini hupitisha mvuke wa maji kwa urahisi. Mfumo wenye mabomba ya silikoni huhitaji kuongezewa maji mara kwa mara zaidi.

Hatari kuu ya bomba laini ni kujikunja hadi kuzibika. Ukuta mnene huzuia jambo hilo: bomba la 10/16 huweza kupinda kwa duara dogo kuliko la 10/13 bila kubonyea. Mahali penye kona kali ni bora kutumia kiungio cha pembe kuliko kulilazimisha bomba.

## Mabomba magumu

Mabomba magumu huchaguliwa zaidi kwa ajili ya sura yake. Yanahitaji muda, vifaa na subira.

PETG ni plastiki isiyovunjika kwa urahisi. Hulainika karibu na sentigredi 80, hivyo hukunjwa bila taabu, lakini hiyo pia ni sababu ya kuwa mwangalifu: maji yakipata joto jingi kwa sababu pampu imesimama, bomba linaweza kulegea na kuchomoka kwenye kiungio.

Akriliki hulainika karibu na sentigredi 100 na kitu, hivyo ni imara zaidi dhidi ya joto. Ni ngumu na hupasuka ikikatwa kwa nguvu au ikikazwa kupita kiasi.

Shaba huvumilia joto kuliko plastiki zote. Mabomba ya shaba ya mafundi bomba mara nyingi huwa na kipenyo cha nje cha milimita 15. Kiungio cha milimita 14 hakilipokei bomba hilo, na cha milimita 16 hakilibani. Ni lazima kununua shaba yenye kipenyo kilekile cha kiungio.

Kioo hakilainiki wala hakichafuki, lakini hakiwezi kukunjwa nyumbani. Hukatwa vipande vilivyonyooka na kona hutengenezwa kwa viungio vya pembe.

Ili kukunja PETG au akriliki, kamba ya silikoni yenye unene wa kipenyo cha ndani huingizwa ndani ya bomba ili lisibonyee. Kisha bomba huzungushwa juu ya kipulizia hewa moto mpaka lilegee, hukunjwa, na hushikiliwa mpaka lipoe. Ncha hukatwa kwa msumeno wenye meno madogo, kisha ukingo husuguliwa kwa tupa au msasa mpaka uwe wa mviringo. Hatua hii ya mwisho isirukwe, kwa sababu ukingo mkali hukata oringi wakati bomba linaingizwa, na jeraha hilo halionekani kwa nje.

## Viungio

### Hesi ya G¼

Bloku, rejeta, pampu na matangi mengi hutumia tundu lenye hesi (nyuzi za skrubu) ya G¼. Kipenyo cha nje cha hesi hii ni milimita 13.157, na ina nyuzi 19 kwa kila inchi. Jina "robo" linatokana na desturi ya zamani ya kupima mabomba, si upana halisi wa tundu.

Hesi ya G¼ ni sambamba, yaani upana wake ni uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kinachozuia maji ni oringi, yaani pete ya mpira inayobanwa kati ya kiungio na uso wa tundu. Nyuzi zenyewe hazizuii maji. Kwa hiyo utepe mweupe wa mafundi bomba hauhitajiki, na unaweza hata kuizuia oringi isikae vizuri. Kiungio hukazwa kwa mkono mpaka oringi iguse, kisha huongezwa kidogo tu. Kukaza kwa spana kunaweza kupasua bloku au tangi la akriliki.

Viungio vya robo inchi vyenye hesi iliyochongoka, kama vile NPT inayotumika Marekani, havifai. NPT ya robo ina nyuzi 18 kwa inchi. Huweza kuingia mizunguko michache na kuonekana kama inafaa, kisha hukwama na kuharibu tundu.

### Aina za viungio

- Kiungio cha chuchu: bomba laini huvutwa juu ya chuchu yenye mabega na kufungwa kwa klampu. Kinachotakiwa kulingana ni kipenyo cha ndani tu.
- Kiungio cha kubana: kina chuchu na nati kubwa inayobana bomba kwa nje. Vipenyo vyote viwili lazima vilingane. Kiungio cha 10/16 hakiwezi kulibana bomba la 10/13, na nati ya 10/13 haiwezi kupita juu ya bomba la 10/16.
- Kiungio cha bomba gumu: kina oringi moja au zaidi zinazoshika bomba kwa nje. Hapa kipenyo cha nje ndicho muhimu. Bomba la nusu inchi lina milimita 12.7, hivyo si sawa na la milimita 12.
- Kiungio cha pembe: hubadilisha mwelekeo kwa digrii 45 au 90. Vingine huzunguka, jambo linalosaidia kupanga bomba, lakini kila kiungo kinachozunguka huongeza oringi moja inayoweza kuchakaa.
- Kiungio cha haraka: hufungwa chenyewe kinapotenganishwa, hivyo sehemu inaweza kuondolewa bila kumwaga maji yote.

Viungio bora hutengenezwa kwa brasi, yaani aloi ya shaba na zinki, na hupakwa nikeli au kromi.

## Vifungio vya prosesa

Bloku ya maji inapaswa kubanwa juu ya prosesa kwa nguvu inayolingana pande zote. Nafasi za matundu kwenye ubao mama hutegemea aina ya soketi:

| Soketi | Umbali kati ya matundu |
|---|---|
| Intel LGA 115x na LGA 1200 | mm 75 × 75 |
| Intel LGA 1700 na LGA 1851 | mm 78 × 78 |
| Intel LGA 2011 na LGA 2066 | mm 80 × 80 |
| AMD AM4 na AM5 | mm 54 × 90 |

Tofauti ya milimita 3 kati ya LGA 1200 na LGA 1700 inaonekana ndogo, lakini skrubu za moja haziingii kwenye matundu ya nyingine. Tena prosesa ya LGA 1700 hukaa chini kidogo kuliko ya soketi iliyotangulia. Mtu akitanua matundu ya bamba la zamani ili lifae, bloku inaweza kukaa juu bila kubana vya kutosha, na prosesa ikapata joto ingawa kila kitu kinaonekana kimefungwa.

Bodi nyingi za Intel za nyumbani huhitaji bamba la nyuma linalowekwa upande wa pili wa ubao mama ili usipinde. Soketi za LGA 2011 na 2066 zina hesi tayari juu ya soketi yenyewe. Kwa AMD, bamba la nyuma la AM4 huweza kuondolewa, lakini la AM5 ni sehemu ya soketi na halitolewi. Kwa hiyo bloku inayokuja na bamba lake la nyuma kwa AM4 inaweza isifungike kwenye AM5, ingawa umbali wa matundu ni uleule.

Kati ya bloku na prosesa huwekwa kiasi kidogo cha krimu ya kupitisha joto. Skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba: moja, kisha ile iliyo pembe ya mkabala. Springi zilizo kwenye skrubu husaidia kusawazisha nguvu.

Kwa kadi za picha hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa bloku inayofunika kadi nzima hutengenezwa kwa ajili ya ubao mmoja mahususi. Kadi mbili zenye chipu moja lakini kutoka kwa watengenezaji tofauti zinaweza kuwa na matundu tofauti.

## Vifungio vya rejeta na feni

Ukubwa wa rejeta hutajwa kwa feni zinazoingia: 240 ni feni mbili za milimita 120, 360 ni tatu, na 280 ni feni mbili za milimita 140. Matundu ya feni ya milimita 120 yako umbali wa milimita 105, na ya milimita 140 yako umbali wa milimita 124.5. Kabla ya kununua, unene wa rejeta hujumlishwa na unene wa feni. Rejeta ya milimita 30 pamoja na feni ya milimita 25 huhitaji angalau milimita 55 za nafasi, bila kuhesabu viungio na mikunjo ya mabomba.

Rejeta hutumia skrubu za M3, M4 au 6-32 kutegemea mtengenezaji. Aina hizi hazibadilishani. Skrubu ya M4 ikilazimishwa kwenye tundu la 6-32 huharibu hesi.

Urefu wa skrubu unahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote katika hatua hii. Nyuma ya tundu la skrubu kuna mapezi na mirija ya maji. Skrubu ya milimita 30 inayopita kwenye feni ya milimita 25 huingia milimita 5 ndani ya rejeta, na kwa kawaida hiyo hutosha. Skrubu hiyohiyo ikitumiwa bila feni, kwa mfano kufungia rejeta moja kwa moja kwenye kasha, huingia karibu yote na inaweza kutoboa mrija. Baadhi ya rejeta zina kibamba cha kinga chini ya matundu, lakini si zote. Skrubu ikianza kuwa ngumu kabla ya kufika mwisho, itolewe na ipimwe badala ya kulazimishwa.

Pampu hufungwa juu ya mpira au sponji ili mtetemo wake usifike kwenye kasha na kuleta kelele. Tangi hufungwa mahali ambapo mdomo wake wa kujazia unafikika. Ni vizuri pia kuweka vali ya kumwagia maji katika sehemu ya chini kabisa ya mfumo, kwa sababu bila hiyo matengenezo yoyote humlazimu mtu kufungua bomba lililojaa juu ya vifaa vya umeme.

## Kuchanganya metali

Metali mbili tofauti zikikaa ndani ya maji yaleyale hufanya kazi kama betri, na ile dhaifu huliwa. Shaba na alumini ziko mbali sana katika mpangilio huo: uwezo wa kielektrodi wa shaba ni volti +0.34, na wa alumini ni volti −1.66. Katika mfumo wenye bloku ya shaba na rejeta ya alumini, alumini ndiyo inayolika mpaka kutoboka, huku mabaki yake yakiziba bloku. Shaba, brasi na nikeli hukaa pamoja kwa usalama zaidi. Viungio vya bei rahisi vichunguzwe kwa makini, kwani baadhi ni vya alumini iliyopakwa rangi.

## Kiowevu

Maji ya bomba yana chumvi na chokaa zinazoganda ndani ya mifereji myembamba. Hutumiwa maji yaliyotoneshwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na viini, au kiowevu kilichotengenezwa kiwandani. Tahadhari inahitajika kwa bidhaa zinazouzwa kwa jina la "maji ya betri": baadhi ni maji safi ya kuongezea, na baadhi ni tindikali. Lebo isomwe kwanza.

Maji yaliyotoneshwa hupitisha umeme kidogo sana yakiwa mapya, lakini huokota ioni kutoka kwenye metali. Baada ya muda, maji yanayovuja juu ya ubao mama huwa hatari kama maji mengine.

## Kupima uvujaji

Mfumo hupimwa kabla ya kompyuta kuwashwa. Njia ya kwanza ni hewa: pampu ndogo ya mkono yenye geji huunganishwa kwenye tundu moja, hewa hujazwa kwa shinikizo dogo lisilozidi kiwango cha watengenezaji wa vifaa, kisha mshale wa geji huangaliwa kwa muda. Ukishuka, kuna mahali panapovuja, na hakuna tone lililomwagika.

Njia ya pili ni kuendesha pampu peke yake. Nyaya za umeme za ubao mama na kadi ya picha hutolewa. Pawa saplai huwashwa kwa kuunganisha pini namba 16 ya plagi ya pini 24 (mara nyingi waya wa kijani) na pini ya ardhi iliyo jirani, namba 15 au 17. Karatasi nyeupe za kufutia huwekwa chini ya kila kiungio ili tone lionekane. Pampu huwashwa kwa muda mfupi na kuzimwa huku tangi likiongezewa maji, kwa sababu pampu kama D5 hulainishwa na maji yenyewe na huharibika ikizunguka kavu. Wajenzi wengi huacha pampu ikifanya kazi hadi saa 24 kabla ya kurudisha nyaya.

## Joto la mazingira

Mfumo wa aina hii hauwezi kushusha joto la maji chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako chumba kisicho na kiyoyozi huweza kufika sentigredi 31, maji yaliyozidi hewa kwa sentigredi 10 yatakuwa na 41. Hiyo bado ni salama kwa mabomba, lakini inapunguza nafasi iliyobaki kabla ya sentigredi 60, ambacho ni kikomo cha maji kwa pampu nyingi. Mahali kama hapo rejeta kubwa zaidi na mabomba ya EPDM au akriliki hufaa kuliko PETG.

Unyevu wa pwani hauleti jasho kwenye mabomba kama linavyotokea kwenye chupa ya soda baridi. Jasho hutokea kitu kinapokuwa baridi kuliko hewa, na mfumo huu huwa na joto sawa na hewa au zaidi. Hali hubadilika mtu akipitisha maji kwenye barafu au jokofu: hapo matone huweza kutokea juu ya ubao mama bila bomba lolote kuvuja.

## Matunzo

Kiwango cha maji kwenye tangi huangaliwa mara kwa mara, na rejeta husafishwa vumbi. Kiowevu hubadilishwa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji wake. Wakati huohuo oringi hukaguliwa, na ile iliyobapa au yenye ufa hubadilishwa. Ncha ya bomba laini iliyokaza kwenye kiungio hukatwa kwa kisu badala ya kuvutwa kwa nguvu, kisha kipande kipya hutumiwa.

Mifumo iliyofungwa kiwandani haihitaji kazi nyingi hivyo, lakini ina kanuni yake: pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, kwa sababu hewa iliyomo hupanda na kukusanyika ndani yake.

## Tazama pia

- Kompyuta
- Prosesa
- Ubao mama
- Pampu
- Kutu